Nani Aliyeadhibiwa? Mshahara, Ubaguzi na Sheria ya Kazi Lubumbashi tangu 1910

Tarehe 16 Machi 1922 ilitolewa dekreti ambayo kizazi kizima cha wafanyakazi wa Katanga kiliishi chini yake. Jina lake lilisema kwamba inahusu mkataba wa kazi baina ya wenyeji wa Kongo au wa makoloni jirani, kwa upande mmoja, na mabwana waliostaarabika, kwa upande wa pili. Msomaji hahitaji kufika kwenye vifungu vyake ili aone mambo yalivyopangwa. Kabla ya kutaja saa, chakula au malipo, sheria ilikuwa imekwisha kuwagawa watu makundi mawili, na kila kundi lilipewa sifa ambayo mkataba wenyewe usingeweza kuibadilisha.

Dekreti hiyo haikumwacha mwajiri bila wajibu. Alitakiwa kumpa mfanyakazi chakula, malazi na matibabu, na kumlipa alichoahidi. Hata hivyo, mkono mzito wa adhabu ulielekea upande mwingine. Mfanyakazi aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha, au aliyekataa amri, hakuwa tu mtu aliyevunja ahadi: alikuwa mkosaji mbele ya sheria ya jinai, na aliweza kufungwa. Hivyo kuacha kazi, jambo ambalo leo huandikiwa barua ya mistari miwili, kulikuwa njia ya kwenda gerezani.

Kongo haikuwa peke yake katika hilo. Nchini Kenya, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906, iliyotungwa upya mwaka 1910, ilifuata mkondo ule ule, na kipande kilichoenea baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kilirahisisha kumsaka mtoro popote alipo. Jambo la kushangaza ni kwamba Uingereza yenyewe ilikuwa imeifuta adhabu ya namna hiyo kwa wafanyakazi wake mwaka 1875. Kilichoonekana kuwa aibu kwa mfanyakazi wa Manchester kiliendelea kuwa utaratibu wa kawaida kwa mfanyakazi wa Nairobi au Elisabethville. Shirika la Kazi Duniani lilianza kuligusa suala hili kwa Mkataba Na. 65 wa mwaka 1939, na likaja kutamka wazi kufutwa kwa adhabu hizo katika Mkataba Na. 104 wa mwaka 1955.

Swali la nani aadhibiwe na sheria ya kazi ndilo linalotoa njia ya kuisoma historia ya mshahara mjini Lubumbashi. Wataalamu wengi wameieleza historia hiyo kwa kuhesabu tani za shaba, idadi ya wafanyakazi na viwango vya malipo. Njia ya adhabu huonyesha kitu kingine: ni kosa la nani ambalo dola liliona linastahili gharama ya askari, hakimu na gereza.

Posho ndani ya mshahara

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910, mwaka ambao mji wenyewe ulianzishwa, na tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Watu wa kulihudumia tanuri hilo hawakupatikana kwa urahisi. Bourse du Travail du Katanga, iliyoundwa mwaka 1910, ilipewa kazi ya kuwatafuta vijijini, na wengi wengine waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Hawa wa kusini walilipwa kwa fedha ya Kiingereza. Faranga iliposhuka thamani baada ya Vita vya Kwanza, watu waliofanya kazi ileile, chini ya kapita mmoja, walijikuta wakipata malipo yasiyolingana kwa sababu tu ya upande wa mpaka waliotoka. Hakuna aliyeliita jambo hilo ubaguzi. Liliitwa suala la sarafu.

Kuanzia miaka ya 1920, na hasa baada ya 1927, kampuni ilibadili siasa yake. Badala ya kuwachukua watu kwa miezi michache na kuwarudisha kwao, ilianza kuwapa mikataba ya miaka mitatu, ikawajengea nyumba kambini pamoja na wake zao, ikafungua zahanati na shule kwa msaada wa mapadri wa Kibenedikto. Maelfu waliletwa kutoka Rwanda na Burundi. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mmoja wa wasanifu wa siasa hiyo, aliielezea katika kitabu alichokitoa mwaka 1946, na jambo linalojitokeza humo ni sauti ya mzazi anayezungumza juu ya watoto.

Neno muhimu la kipindi hicho ni posho. Kila juma familia ilipokea unga, nyama au samaki, chumvi na mafuta kwa kipimo cha idadi ya watu wa nyumbani. Posho ilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo. Kwa hiyo, mtu alipouliza kama mshahara unatosha, jibu lilikuwa tayari: mshahara ni mdogo, lakini una nyumba, una posho, una hospitali. Hesabu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana ilikuwa na nguvu. Lakini ilificha mambo mawili. Kwanza, aliyeamua thamani ya unga ule ni yule yule aliyeutoa. Pili, aliyefukuzwa kazi alipoteza kwa siku moja nyumba, chakula cha watoto na shule yao. Hiyo ilikuwa adhabu ambayo haikuandikwa katika dekreti yoyote na haikuhitaji hakimu.

Neno mshahara lina asili ya Kiarabu na limebeba maana ya mwezi. Posho ina maana ya riziki ya kila siku au ya kila juma. Katika kambi za Katanga yule aliyekuwa akidai mwezi alijibiwa kwa juma, na mvutano huo wa maneno mawili unasema mengi kuliko jedwali la viwango vya malipo. Kutokana nao ulizaliwa usemi uliodumu mjini hadi enzi za Gécamines, kwamba kampuni njo baba, njo mama. Mtu hamshtaki baba yake kwa kumlipa kidogo.

Desemba 1941

Watoto hao walishtaki mara moja, na jibu walilopata halikuwa la kisheria. Vita vya Pili vya Dunia vilihitaji shaba ya Katanga. Uzalishaji ulipanda, kazi ikawa nzito, na bei za nguo na bidhaa madukani zikapanda haraka kuliko mishahara. Wafanyakazi Wazungu wa Union Minière walitangulia kujipanga na kudai, na walisikilizwa. Wafanyakazi Waafrika waliliona hilo. Mwanzoni mwa Desemba 1941 kazi ilisimama katika vituo vya kampuni huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Kipushi, kisha Elisabethville.

Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika na askari. Msemaji wa wafanyakazi alikuwa Léonard Mpoyo, karani. Baadhi ya maandishi humwita Mpoyi. Mazungumzo hayakuzaa matunda, na risasi zikapigwa. Mpoyo aliuawa pale, pamoja na makumi ya wenzake. Hesabu ya waliokufa inatofautiana baina ya taarifa za serikali na kumbukumbu za wakazi, na pengo hilo halijazibwa. Mjini Lubumbashi inasimuliwa kwamba gavana mwenyewe ndiye aliyemfyatulia Mpoyo. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, katika mfululizo wa picha alizochora miaka ya 1970 juu ya historia ya nchi, aliwapa wafia kazi hao nafasi yao.

Mambo mawili yafaa kutiliwa mkazo. Kwa Mwafrika wa wakati ule mgomo ulikuwa kosa la jinai, si mvutano juu ya malipo. Kwa hiyo, machoni pa serikali, mkutano ule ulikuwa kundi la wakosaji, ingawa waliokuwamo hawakuomba kingine ila nyongeza. Jambo la pili ni kwamba madai yao yalikuwa madai ya ulinganifu. Wafanyakazi hawakusema tu kwamba wanalipwa kidogo. Walisema kwamba wenzao wa rangi nyingine, katika kampuni ileile na kwa vita vilevile, wamesikilizwa. Malipo duni na ubaguzi yalikuwa dai moja. Sheria za baadaye zilikuja kuyatenganisha, kila moja na kifungu chake, na utengano huo una gharama yake.

Baada ya vita mageuzi yalikuja polepole. Mwaka 1946 Waafrika waliruhusiwa kuunda vyama vya wafanyakazi, lakini mbali na vya Wazungu na chini ya macho ya maofisa wa serikali. Ilipofika mwaka 1957 ndipo dekreti mpya ilipoitambua haki hiyo kwa upana zaidi. Viwango vya malipo viliendelea kufuata rangi ya mtu hadi mwisho wa ukoloni, na hakukuwa na sheria ya kumtoza faini mwajiri kwa sababu hiyo, kwani serikali yenyewe iliwalipa watumishi wake kwa mpango ule ule.

Si wote waliofanya kazi mjini walikuwa wa kampuni. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa majumbani, katika mitaa ya Elisabethville, kilitoa kwa mashine ya chapa kijitabu kilichopewa jina la Kifaransa, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, kilichotungwa na André Yav kwa Kiswahili cha mji. Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Kwa mwanaisimu, hiki ni hazina ya Kiswahili kilichoandikwa na watu ambao hawakukisoma shuleni. Kwa mwanahistoria wa kazi, ni ushahidi wa nadra juu ya boi na bwana wake, mahusiano ambayo hayakufikiwa na mkaguzi yeyote kwa sababu yalifanyika jikoni. Historia rasmi ya kazi Katanga imejaa migodi. Kijitabu hiki kinakumbusha kwamba jiko nalo lilikuwa mahali pa kazi.

Kanuni ya 1967 na sarafu iliyoyeyuka

Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali, na kampuni ya taifa ikashika nafasi yake. Miaka michache baadaye ilijulikana kwa jina la Gécamines. Mwaka huohuo, tarehe 9 Agosti, ilitolewa Kanuni ya Kazi ya kwanza ya nchi huru, amri-sheria Na. 67/310. Ndani yake mlikuwa na kanuni ambayo Mpoyo na wenzake wangeielewa mara moja: pale ambapo mazingira ya kazi, ujuzi na tija ni sawa, mshahara uwe sawa kwa wafanyakazi wote, bila kujali asili, jinsia wala umri wao. Mwaka 1969 nchi iliridhia Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani juu ya malipo sawa kwa wanaume na wanawake.

Kanuni hiyo hiyo, hata hivyo, ilimruhusu mwanamke aliyeolewa kuingia mkataba wa kazi ikiwa tu mumewe hakupinga waziwazi. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 iliongeza uzito wa idhini ya mume katika mambo ya kisheria ya mke. Basi palikuwa na sheria iliyotangaza mshahara sawa kwa mwanamke, na wakati huohuo ikampa mtu mwingine uwezo wa kumzuia asiufikie mlango wa ofisi. Sharti la mume liliondolewa katika Kanuni ya Kazi ya 2002, na idhini iliyomo katika Sheria ya Familia ikafutwa kwa marekebisho ya 2016.

Kuhusu adhabu, Kanuni ya 1967 ilileta mabadiliko makubwa: sasa mwajiri ndiye aliyetajwa kuwa mkosaji anayeweza kutozwa faini. Lakini faini ni kiasi cha fedha, na fedha za nchi hii zilikuwa na safari yake. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Anayetaka kuzidisha atapata kwamba faranga moja ya 1998 ilisimama mahali pa zaire za zamani bilioni 300. Faini yoyote iliyoandikwa kwa tarakimu za miaka ya 1960 ilikuwa imeyeyuka kabla ya hakimu kufungua faili. Mfumuko wa bei ulimsamehe mwajiri bila kupitisha sheria ya msamaha.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba kifungu juu ya asili ya mtu hakikuwa na mlinzi. Mwaka 1992 na 1993, wakati Gabriel Kyungu wa Kumwanza alipokuwa gavana wa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo. Huko Likasi na Kolwezi, wengi walipoteza kazi zao pamoja na nyumba walizopewa kwa ajili ya kazi hizo, na walikaa kwa majuma kwenye vituo vya reli wakisubiri treni. Baadhi yao walikuwa wajukuu wa watu walioletwa na Union Minière yenyewe. Sheria ilisema asili ya mtu isiguse mshahara wake. Hapa asili ilichukua mshahara wote, na Kanuni ya 1967 ilibaki kimya kabatini. Ni vigumu kuandika historia ya ubaguzi kazini mjini Lubumbashi kwa kutaja Wazungu peke yao, ingawa wapo waandishi wanaopenda kuishia hapo.

Kisha ulikuja wakati ambapo malipo duni yaligeuka kuwa kutolipwa kabisa. Uzalishaji wa Gécamines, uliokuwa zaidi ya tani 470,000 za shaba katikati ya miaka ya 1980, ulianguka baada ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto kuporomoka Septemba 1990. Mishahara ilicheleweshwa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengi wao waliona kwamba walichopewa hakikulingana na malimbikizo na haki zao kwa mujibu wa sheria, wakaunda umoja wao, na mwaka 2009 malalamiko yao yalifika mbele ya jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Donatien Dibwe dia Mwembu aliwaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao katika jina la kitabu chake cha 2001. Kwa mara ya kwanza wana hao walikuwa wanamdai baba kwa hati, tarakimu na vifungu, tena nje ya mipaka ya nchi.

Kanuni ya 2002: adhabu na mianya yake

Sheria Na. 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 ndiyo Kanuni ya Kazi inayotumika, pamoja na marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016. Kifungu cha 86 kimerudia kanuni ya mshahara sawa. Kifungu cha 62 kinakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya rangi, jinsia, ndoa, ujauzito, dini, kabila, maoni ya kisiasa au uanachama wa chama cha wafanyakazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, inataka malipo ya haki na ya kutosha, na inakataza mtu kudhulumiwa kazini kwa asili yake, jinsia yake, maoni yake au imani yake. Mkataba Na. 111 juu ya ubaguzi katika kazi uliridhiwa mwaka 2001. Kwa maandishi, pengo ni dogo.

Faini zimeandikwa kwa faranga za Kongo zinazoitwa zisizobadilika, yaani zenye kurekebishwa kufuatana na thamani ya sarafu. Ni wazi kwamba watunga sheria walikumbuka yaliyotokea baada ya 1967. Lakini viwango vyenyewe vimewekwa chini, kiasi kwamba kampuni kubwa ya madini inaweza kuviona kama gharama ya karatasi. Kifungo kimewekwa kwa makosa machache. Kwa kazi ya kulazimishwa, kifungu cha 326 kinafikia miezi 6. Anayemlipa mtu chini ya kima cha chini hatishwi na gereza. Ukilinganisha na mwaka 1922, mizani imegeuka, lakini haijawa sawa: wakati ule aliyekimbia kazi alifungwa; leo aliyekula mshahara hulipa faini, kama atalipa.

Kima cha chini chenyewe kina historia ya kuchelewa. Kwa amri ya tarehe 30 Aprili 2008 kiliwekwa kuwa faranga 1,680 kwa siku kwa kibarua wa kawaida. Siku hiyo fedha hizo zilikuwa karibu na dola 3 za Marekani. Kiwango hakikuguswa kwa miaka kumi, na kufikia mwisho wa 2017 kilikuwa kama dola 1. Dekreti ya tarehe 22 Mei 2018 ilikipandisha hadi faranga 7,075, na kikapandishwa tena mwaka 2025. Katika muda wote wa kuchelewa, mwajiri aliyelipa faranga 1,680 alikuwa mtii wa sheria. Mtu anaweza kulipwa kidogo sana bila mtu yeyote kutenda kosa, na hapa ndipo adhabu, hata ikiwa kali namna gani, haina la kufanya.

Mwanya mkubwa zaidi umo katika neno sawa. Kifungu cha 86 kinahitaji watu wawili wa kulinganishwa. Tangu migodi ilipofunguliwa kwa kampuni za kigeni baada ya 2002, sehemu kubwa ya kazi imepewa kampuni ndogo za kati zinazoajiri watu na kuwapeleka mgodini. Dereva wa kampuni yenye mgodi na dereva wa kampuni ya kati huweza kuendesha magari ya aina moja katika shimo moja, lakini kisheria hawana mwajiri mmoja, na mshahara wa mmoja si kipimo cha mshahara wa mwingine. Ripoti iliyotolewa Novemba 2021 na shirika la RAID la Uingereza pamoja na Centre d'Aide Juridico-Judiciaire la Kolwezi ilichunguza migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba, na ikaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kwa njia hiyo, kwa malipo na huduma zilizo chini ya wenzao. Baadhi walieleza matusi na ubaguzi wa rangi. Sheria Na. 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya kazi za kandarasi ndogo ilikusudia kuzipa kampuni za Wakongo nafasi katika biashara hiyo. Ni lengo lenye heshima, lakini linahusu nani awe mwajiri wa kati, na mfanyakazi hapati mshahara sawa kwa sababu tu bosi wa kati ni mzalendo mwenzake.

Yupo pia mtumishi wa nyumbani. Kifungu cha kwanza cha Kanuni kinawaondoa mahakimu, watumishi wa serikali, askari na polisi. Hakimwondoi yaya wala mpishi. Watumishi wa leo katika mitaa ya Golf au Bel-Air wamo ndani ya sheria kama wachimbaji wa shaba, na kima cha chini ni chao pia. Ni wachache wanaolijua hilo, na waajiri wao, ambao miongoni mwao wamo watu waliosoma sana, hawana haraka ya kuwaeleza.

Njia ya kudai huanzia kwa Mkaguzi wa Kazi. Mgogoro wa mtu mmoja haufiki mahakamani kabla ya usuluhishi kujaribiwa, na mkaguzi huandika hati ya kukubaliana au kutokubaliana. Kisha mdai huenda mbele ya mahakama ya kazi, au mahakama ya kawaida pale ambapo ya kazi haijaanza. Muda nao unakimbia: kwa mujibu wa kifungu cha 317 madai ya mshahara huisha nguvu baada ya mwaka mmoja, hali madai mengine ya mkataba yana miaka mitatu. Mfanyakazi ambaye bado yuko kazini, anayeogopa kufukuzwa, mara nyingi husubiri hadi atoke ndipo adai. Wakati huo sheria imekwisha kumfutia sehemu kubwa ya deni. Tanzania, kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2004, na Kenya, kwa ile ya 2007, zilichukua hatua moja ambayo Kanuni ya Kongo haikuitamka kwa uwazi ule: mfanyakazi akishaonyesha dalili za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Hatua hiyo ina uzito kuliko kuongeza faini mara kumi, kwa sababu daftari la mishahara liko mikononi mwa mwajiri.

Lugha ya hati

Kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, katika siku 60 tangu kutangazwa. Kanuni ya Kazi ilitangulia Katiba hiyo, lakini marekebisho ya 2016 yalikuja baada yake. Nakala inayofunguliwa mezani kwa mkaguzi wa Lubumbashi ni ya Kifaransa, na hati anayoiandika ni ya Kifaransa. Mdai aliyeketi mbele yake ameeleza shida yake kwa Kiswahili.

Tofauti hii si ya adabu tu. Mtu husema kwa Kiswahili kwamba mwenzake anapata kuliko yeye na kazi ni moja. Sentensi hiyo ina mambo mawili yaleyale ya 1941: kiasi na ulinganisho. Ikiandikwa katika hati kama dai la salio la mshahara, nusu ya pili imepotea, na hakimu atakayeisoma miezi baadaye hana njia ya kukuta ubaguzi ambao haukuandikwa. Mdai hutia sahihi, au dole gumba, chini ya maneno ambayo hakuyasema.

Wala kutafsiri si kazi nyepesi. Kifaransa cha sheria ya Kongo huita kifungo servitude pénale, maneno ambayo yakifuatwa moja kwa moja yangeleta utumwa ndani ya sheria inayokataza utumwa. Hapa Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno kifungo. Kigumu zaidi ni rendement cha kifungu cha 86. Akitumia tija, mtafsiri atakuwa amefuata istilahi za wanauchumi wa Dar es Salaam, lakini neno hilo halisikiki sana Kenya au Katuba. Akiandika mazao ya kazi, atamfanya mkulima wa Kasenga aelewe na mchomeleaji wa Kipushi acheke. Akiandika kazi anayoimaliza mtu, atakuwa karibu na usemi wa mjini, na atakuwa ameufanya wazi mlango ambao mwajiri huutumia kila anapotaka kueleza kwa nini wawili hawalingani: huyu anamaliza zaidi. Mfanyakazi anayelisoma neno hilo kwa lugha yake ataweza angalau kuuliza ni nani aliyepima, kwa kipimo gani, na daftari la vipimo liko wapi.